Kanda Mbaya, au Spika Mbaya?

JE, umewahi kusikia wimbo mahali fulani, ukaupenda hata ukauomba, kisha ulipoupiga nyumbani kwako ukajiuliza kama kweli ni ule ule? Bila shaka akina mama wengi yametupata hayo. Na mara nyingi lawama tunaitupia kanda: kwaya haikuimba vizuri, studio ilikuwa mbovu, aliyetuuzia ametuibia. Mimi mwenyewe nililaumu kanda moja kwa muda wa miezi miwili, na lawama hiyo nusura inigombanishe na mume wangu. Naomba nikusimulie ilivyokuwa, kwa sababu nilijifunza mambo ambayo yanaweza kukusaidia na wewe, hata kama kwako kuna redio moja tu juu ya kabati.

Kanda ya Mama

Marehemu mama yangu alikuwa mwanakwaya. Aliimba sauti ya pili, yaani alto, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1996 kwaya yao ilirekodi kanda, na katika wimbo wa tatu wa upande B kuna ubeti mmoja ambao Mama anauimba peke yake kabla wenzake hawajampokea. Mama alifariki mwaka 2009. Picha zake tunazo, na vitenge vyake tuligawana. Lakini sauti yake ipo mahali pamoja tu, katika ubeti ule usiofika hata dakika moja.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiipiga kanda ile jikoni kwangu hapa Upanga, kwenye ghorofa mojawapo ya zile ambazo wazee bado huziita nyumba za Msajili. Redio kaseti yetu ilikuwa na spika moja isiyozidi kiganja cha mkono, lakini Mama alisikika. Niliweza kuchagua mchele huku namsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti wake.

Kisha redio ile ikaanza kutafuna kanda. Ilianza na kanda ya hadithi za watoto, nami nikaogopa. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, akaipeleka kanda ya Mama kwenye duka moja ili nyimbo zihamishiwe kwenye flashi. Siku hiyo hiyo akapita Kariakoo, akanunua sabufa pamoja na spika zake mbili. Jioni akaziunganisha mwenyewe, akaniita sebuleni.

"Mama watoto, njoo umsikilize Mama."

Niliketi kwenye kochi. Besi ikavuma mpaka vioo vya dirisha vikatetema. Kwaya ikasikika mbali, kama watu wanaoimba ndani ya pipa. Ulipofika ubeti wa Mama, nilisikia kinanda na mvumo, na katikati yake kitu kama kivuli cha sauti. Mama hakuwapo.

Hapo nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema. Nilisema, "Umeniharibia kanda."

Hakunijibu. Tangu siku ile sabufa ikawa ya taarifa ya habari na mpira. Kila watoto walipoomba kwaya nilisema nina kazi. Baba watoto naye hakuuliza. Ukimya wa namna hiyo ndani ya nyumba, ndugu msomaji, ni mzito kuliko besi yoyote.

Washitakiwa wawili

Aliyetutoa hapo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi wa redio. Alikuja Jumapili moja kula chakula cha mchana, akauliza mbona siku hizi hasikii kanda ya Mama ikipigwa. Nikamweleza, mume wangu akiwa amekaa pale pale anatazama sahani yake.

Shemeji hakugusa kitu. Aliniuliza kwanza maswali matatu. Ulisikiliza kwa sauti kubwa au ndogo? Ulikaa upande gani wa chumba? Je, baada ya hapo ulipiga wimbo mwingine unaoujua vizuri, usikie na wenyewe ukoje?

Swali la tatu lilinishinda. Sikuwa nimepiga kitu kingine chochote.

"Basi, shemeji," akasema, "washitakiwa wako wawili, kanda na spika, na wewe umemhukumu mmoja bila kumwita mwenzake."

Akatoa simu yake, akampa mume wangu karatasi ya vitu vya sokoni niliyokuwa nimeibandika kwenye jokofu, akamwambia aisome kwa sauti yake ya kawaida. Akamrekodi akisoma: nyanya, vitunguu, nazi mbili, mkaa. Kisha akaipiga sauti ile kwenye spika zetu mpya.

Nilishangaa. Sauti ya mume wangu, ambaye nimeishi naye miaka mingi, ilikuwa inatoka kwenye kuta zote na haitoki popote. Ilikuwa na uvundo wa pipa ule ule. Na hapo hakuna ambaye angeweza kulaumu kanda, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yamerekodiwa muda huo huo, mbele ya macho yetu.

Jambo hili la kwanza ningependa kila mama alikumbuke. Shahidi bora wa kupima spika ni sauti ya mtu unayemjua. Sikio la mwanadamu limeumbwa lisikie vizuri zaidi sauti zinazotetema kati ya mara 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na hapo ndipo zilipo herufi zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno, kama s, t na f. Gitaa au kinanda kikibadilika kidogo huenda usitambue. Sauti ya mumeo au ya mwanao ikibadilika, utaitambua mara moja.

Nyaya nyekundu na nyaya nyeusi

Shemeji aliinama nyuma ya sabufa, akacheka kidogo. Kila spika huwa na nyaya mbili, moja nyekundu na nyingine nyeusi, au moja huwa na mstari na nyingine haina. Nyekundu huingia kwenye tundu jekundu na nyeusi kwenye jeusi. Kwenye spika yetu ya kushoto zilikuwa zimebadilishana.

Kosa hili ni la kawaida sana, na halitoi cheche wala moshi, ndiyo maana watu hukaa nalo miaka. Linaharibu kwa namna hii: spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Nyaya zikibadilishana upande mmoja, spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, na sauti iliyomo sawasawa katika spika zote mbili inajifuta hewani. Sasa, katika rekodi nyingi, ni sauti gani huwekwa sawasawa pande zote mbili ili isikike katikati? Ni ya mwimbaji kiongozi. Kumbe Mama alikuwamo kwenye flashi siku zote. Spika zetu ndizo zilizokuwa zinamfuta.

Kosa la pili lilikuwa mahali. Sabufa tulikuwa tumeisukuma pembeni kabisa, kwenye kona, ili watoto wasiiguse. Kona huongeza besi, kwa kuwa kuta mbili na sakafu hurudisha mvumo wote chumbani. Shemeji aliivuta mbele kiasi cha hatua moja. Spika mbili akaziinua kutoka sakafuni, akaziweka juu ya stuli mbili, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zikiwa zimeachana kiasi kile kile ambacho sisi tuliokaa kwenye kochi tulikuwa mbali nazo.

Kosa la tatu lilikuwa la nyumba yenyewe. Ghorofa nyingi za Upanga zina kuta za zege, sakafu ngumu na madirisha makubwa ya vioo. Sauti hugonga huku na kurudi kama mpira. Piga makofi mara moja katikati ya sebule yako. Ukisikia mlio mkali unaofuatia, chumba chako kinahitaji vitu laini: zulia, mapazia mazito, makochi ya kitambaa, hata rafu ya vitabu. Sikununua kitu. Nilirudisha tu zulia nililokuwa nimelikunja stoo.

Mashahidi wengine

Nilitaka tupige kanda ya Mama hapo hapo. Shemeji akakataa. Alisema kabla hujarudi kwa mshitakiwa wa kwanza, pima spika kwa rekodi nne au tano ambazo watu wengi wanazijua, na kila moja iwe na kazi yake. Hizi ndizo alizotupigia.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani sana, ya Siti binti Saad wa Zanzibar. Mama huyu aliyezaliwa Fumba, na ambaye kwanza alikuwa akiuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake, akarekodi santuri za kampuni ya HMV. Santuri za wakati ule zilichukua kama dakika tatu tu kila upande, na vyombo vya kurekodia havikuweza kunasa besi nzito wala milio ya juu kabisa. Kwa hiyo rekodi hii ikisikika nyembamba na yenye mchakacho, usiilaumu spika wala mwimbaji. Sikiliza maneno. Spika nzuri itakuwezesha kuyafuata maneno yaliyoimbwa karibu miaka mia moja iliyopita. Spika inayokulazimisha uongeze sauti ndipo uyasikie, ina tatizo.

Ya pili ilikuwa ya bendi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katika studio zake za Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Wengi wetu tumekulia kwenye nyimbo hizo: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na baadaye Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Bendi ilipiga kwa pamoja, wimbo mzima, waimbaji na vyombo katika chumba kimoja. Wasikilizaji wengi walizipokea nyimbo hizo kwa redio ndogo za betri, kwenye masafa ambayo hayapitishi milio ya juu sana. Ndiyo maana zinasikika vizuri hata kwenye redio ya jikoni, kwani uzuri wake upo katikati, kwenye sauti za watu na magitaa. Kazi ya shahidi huyu ni kuhesabu magitaa. Keti, fumba macho, fuata gitaa moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha rudia wimbo, ufuate lingine. Ikiwa yamechanganyika kama uji, spika zako zinaficha kitu.

Ya tatu ilikuwa ya Remmy Ongala na Super Matimila. Huyu alirekodi nyingi hapa nyumbani, kisha mwaka 1989 ikatoka santuri yake iliyorekodiwa Uingereza kwenye studio za Real World, yenye jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za mtu maskini. Miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki Desemba 2010, aliziacha bendi akamwimbia Mungu. Ukipiga wimbo wake wa Radio Tanzania kisha wa Uingereza, unasikia tofauti ya studio waziwazi: ule wa pili una nafasi kati ya chombo na chombo, na ngoma ziko chini kabisa. Lakini tulipomaliza, mume wangu akasema anaupenda zaidi ule wa kwanza, maana ndani yake anasikia watu waliokuwa pamoja. Shemeji hakumbishia. Alisema usafi wa sauti ni kitu kimoja na kupenda ni kitu kingine, na mtu asione haya kupenda rekodi yenye kasoro.

Ya nne ilikuwa ya kwaya ya sauti nne. Hapa kipimo ni kimoja: je, unaweza kuifuata alto peke yake? Soprano iko juu, kila mtu anaisikia. Besi ya wanaume ina uzito wake. Sauti za katikati ndizo zinazomezwa haraka. Kama unaweza kumfuata mama wa alto wimbo mzima, spika zako ni za haki.

Ya tano ilikuwa kimya. Shemeji alisimamisha nyimbo, akaacha sabufa imewaka bila kupiga kitu. Kwa umbali wa kochi hatukupaswa kusikia kitu chochote. Mvumo unaoendelea hata pasipo wimbo ni ugonjwa wa chombo au wa nyaya zake.

Mtego wa sauti kubwa

Kuna mtego ambao shemeji alituonya nao, nami naona ndio unaotupata akina mama tunapokwenda kununua. Ukipiga wimbo ule ule mara mbili, mara ya pili ukiongeza sauti kidogo tu, utaapa kwamba mara ya pili ni bora. Wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha sababu yake tangu mwaka 1933: sauti inapokuwa ndogo, sikio husikia besi na milio ya juu kwa shida, na inapoongezwa, vyote hivyo hujitokeza. Kwa hiyo muuzaji anayetaka spika fulani iondoke dukani huongeza sauti yake kuliko ya jirani yake. Si lazima awe mdanganyifu. Naye huenda hajui.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo, zingatia mambo haya:

1. Nenda na rekodi zako mwenyewe kwenye flashi au simu. Wimbo unaopigwa na duka umechaguliwa ili uipambe spika.

2. Omba spika mbili zipigwe kwa sauti inayolingana, na iwe ndogo, kiasi cha watu kuweza kuzungumza.

3. Usitishwe na namba kubwa za wati zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiona herufi PMPO, jua kwamba namba hiyo ni ya kupamba. Nguvu ya kweli ya kila siku ni ndogo mno kuliko hiyo.

4. Anza na sauti ya mtu anayesema, kisha kwaya, na besi iwe ya mwisho. Waimbaji wakiwa hawasikiki vizuri, kuongeza besi hakutawasaidia.

5. Usinunue siku ile ile. Rudi nyumbani, ulale. Masikio nayo huchoka, hasa katika kelele za Kariakoo.

Na kama huna fedha za spika mpya, usijione umekosa. Nyaya ya chini kabisa ya gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuutoa mtetemo huo. Hata hivyo unapousikiliza wimbo kwenye redio ndogo, masikio yako huujua mwendo wa besi, kwa sababu huusoma kutoka kwenye milio mingine inayoambatana nayo. Mafundi wa studio wanalijua hilo. Wengi wao huweka spika ndogo karibu na zile kubwa, wapate kusikia wimbo utakavyosikika nyumbani kwa mtu wa kawaida.

Kanda nayo ilikuwa na lake

Hatimaye tukarudi kwa Mama. Shemeji aliuweka wimbo wa tatu. Safari hii kwaya ilisimama mbele yetu, na ubeti ulipofika, Mama akatoka katikati ya spika mbili, pale pale ilipo picha yake ukutani. Mume wangu aliniangalia, mimi nikaangalia chini.

Lakini nilisikiliza mpaka mwisho, nikasema kweli: bado si yeye kamili. Herufi s zilikuwa na mlio wa maji, na ile pumzi yake haikuwapo. Niliogopa kusema, nisije nikaonekana mtu asiyeridhika. Shemeji akasema nimesikia vizuri. Nyimbo zilikuwa zimehamishwa katika faili dogo mno. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde, ambalo lilikuwa la kawaida sana madukani, hubeba chini ya sehemu moja ya kumi ya habari zilizomo kwenye CD. Kompyuta huchagua cha kutupa, na pumzi ya mwanakwaya ni kati ya vitu inavyoona havina kazi.

Basi kumbe washitakiwa wote wawili walikuwa na kosa, spika kubwa, kanda dogo. Na kosa la kanda halikuwa la kanda yenyewe, bali la nakala.

Hapa inafaa tukumbuke kaseti ilikuwa chombo cha namna gani. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963. Utepe wake una upana usiofika milimita 4, na hupita sentimita 4.76 tu kila sekunde, wakati mikanda ya studio ilipita hata sentimita 38. Ni kitu kidogo kilichobeba mengi. Kila kanda ilipodurufiwa kutoka kanda nyingine, mchakacho uliongezeka na milio ya juu ikapungua. Miaka ya 1990 kanda za kudurufu zilijaa mitaani, na Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999 ndipo ikazaliwa COSOTA. Ni kwaya ngapi tulizisema kwamba haziimbi vizuri, kumbe tulisikia nakala ya nakala ya nakala, kwenye spika yenye nyaya zilizobadilishana? Waimbaji wale walipoteza mara mbili, fedha zao na sifa yao.

Kwa hiyo, kama unazo kanda za wazazi au za kwaya yenu, usizitupe baada ya kuzihamisha. Ziweke ndani ya makasha yake, zikisimama wima, mbali na jua na mbali na spika, maana ndani ya spika kuna sumaku. Kabla ya kuzipiga, zungusha kanda mpaka mwisho na kuirudisha, na mwambie fundi asafishe kichwa cha deki kwa spiriti. Mwombe ahamishe kwa faili kubwa la WAV na si MP3. Nakala ndogo ya kusikilizia kwenye simu unaweza kuitoa baadaye kutoka kwenye kubwa. Kubwa huwezi kuipata tena kutoka kwenye ndogo.

Masikio ya nyumbani

Mama ndiye mlinzi wa masikio ya watoto wake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa vifaa vya kusikilizia, mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidi 75. Kipimo rahisi ni hiki: kama inakubidi upaze sauti ndipo akusikie aliye mbali nawe kwa urefu wa mkono, sauti imezidi. Bibi wa nyumba akilalamika kwamba haelewi kinachosemwa, usiongeze besi. Uzee hupunguza milio ya juu kwanza, kwa hiyo punguza besi na umsogeze karibu na spika. Na tunaoishi ghorofani tukumbuke kwamba besi hupita kwenye zege kuliko maneno. Jirani wa chini hasikii wimbo wako. Anasikia kishindo tu.

Wiki mbili baadaye shemeji alileta flashi mpya. Kanda ilikuwa salama. Tulikaa wote, watoto wakiwa chini kwenye zulia. Mchakacho ulikuwepo, na shemeji alisema hautatoka, ni wa kanda tangu ilipozaliwa. Kisha Mama akavuta pumzi.

Na nikasikia jambo ambalo redio ya jikoni haikunionyesha kwa miaka yote ile. Mama aliingia akiwa amechelewa kidogo, kinanda kikamngoja. Yeye ambaye alitukemea maisha yake yote kwa kuchelewa! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na watoto wakataka kujua kuna nini.

Jioni ile nilimwomba mume wangu radhi kwa neno nililolisema. Akanijibu kwamba na yeye angeweza kusoma rangi za nyaya kabla ya kuzichomeka. Tulikuwa tumepoteza miezi miwili.

Mpenzi msomaji, wimbo unaoupenda usipokupendeza nyumbani, usikimbilie kuutupa, wala kumlaumu aliyeuleta. Mrekodi mtu unayempenda akisoma karatasi ya sokoni, umsikilize kwenye spika zako. Ndipo utajua pa kuanzia.